Baba ameandika daftari la mazishi yake: je, amekubali kifo au amekata tamaa?

Mwanambee wa Buruburu aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Naomba mniwie radhi kwa maelezo marefu, lakini jambo hili linaninyima usingizi na sina pengine pa kulipeleka.

Baba yangu ana umri wa miaka 78. Alikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Nairobi mpaka alipostaafu, kisha yeye na mama wakarudi nyumbani Taita. Mama alifariki mwezi wa Machi mwaka jana, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba na wadogo zangu wote wanaishi mbali, nilimleta baba akae nami huku Buruburu. Miezi ya kwanza aliishi vizuri kuliko nilivyotarajia. Alijaza udongo katika magunia matano, akayapanga kando ya ukuta wa nyuma na kupanda sukumawiki, na kila asubuhi kabla ya chai ungemkuta ameinama, anageuza jani moja baada ya jingine akitafuta vidukari. Jioni alisikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake ndogo, na habari isiyompendeza aliijibu kwa sauti kana kwamba msomaji yuko sebuleni.

Mwezi wa Juni alinituma nimnunulie daftari la kurasa 96, nami sikumuuliza la nini. Wiki mbili baadaye aliniita mezani, akavaa miwani, akanisomea alichoandika huku chai ikipoa mbele yetu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya watu wa kupigiwa simu siku atakapofariki, kwa utaratibu, wa kwanza akiwa shemeji yake wa Mwatate. Wa pili ulikuwa wa madeni, likiwemo la shilingi 300 anazodaiwa na mama mboga wa hapa mtaani. Wa tatu ulikuwa na nyimbo mbili anazotaka ziimbwe, na chini yake, kwa herufi kubwa, ameandika: NISIVALISHWE TAI. Kisha akaniambia, kwa sauti ileile anayoniagizia sukari, kwamba angependa kulazwa ubavuni mwa mama na kwamba asikae mochari zaidi ya wiki moja.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, "Baba, achana na maneno hayo, wewe utaishi mpaka uwaone vitukuu," nikalichukua daftari na kulificha kabatini chini ya mashuka. Hakuniuliza liko wapi, na hajalitaja tena mpaka leo.

Tangu wakati huo amebadilika. Anaamka saa kumi usiku na kuketi kitandani gizani mpaka kupambazuke. Ugali anaumegamega tu. Redio haiwashi. Magunia nayamwagilia mimi ninaporudi kazini, na mawili yameshakauka. Juzi, bila kuulizwa lolote, alisema, "Mimi hapa ninakula bure tu chakula cha watoto."

Nisichokijua ni hiki: mzee anayezungumza kifo chake kwa utulivu namna ile, je, ana amani moyoni au ameanza kuyaaga maisha? Na je, nilikosea kulificha lile daftari, au nimrudishie na kuhatarisha kumzamisha zaidi?


Mama Kwaya wa Kariobangi alijibu:

Dada yangu, hukukosea hata kidogo. Neno la Mungu linasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, na mtu akitamka kifo kila siku anakiita. Lichome hilo daftari, mwombeeni mzee, mpeleke katika ushirika wa wazee wenzake, na nyumba yenu isitajwe mauti tena.


Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Mwanambee, pokea pole zangu kwa kufiwa na mama. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 19, na 11 kati ya hiyo nimewahudumia watu ambao tiba ya kuponya imefika kikomo, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona nikiwa kando ya vitanda vyao. Mama Kwaya naye namwomba aniwie radhi, kwa sababu sitakubaliana naye.

Daftari la baba yako halinitishi. Ninachokiogopa ni yale magunia. Mzee anayepanga nani apigiwe simu kwanza, anayekumbuka deni la shilingi 300 na anayejua asichotaka kuvalishwa, huyo bado anawajali watu, anajali jina lake, na anajiona kuwa na kauli juu ya mambo yake. Lakini mzee ambaye sukumawiki aliyoipanda kwa mikono yake inakauka naye anaitazama tu, huyo kuna kitu amekipoteza, na hicho ndicho tunachopaswa kukitafuta. Familia nyingi huyachanganya mambo haya mawili kwa sababu yote hutajwa kwa neno moja, kifo, na kwa kuogopa neno lenyewe hawatazami lililo nyuma yake.

Kukatika usingizi alfajiri, kupoteza hamu ya chakula, kuacha vitu alivyovipenda na kujiona mzigo ni dalili ambazo zikikaa pamoja kwa wiki mbili au zaidi hutufanya tufikirie ugonjwa wa huzuni, ambao wengine huuita sonona. Huo ni ugonjwa kamili, wala si sehemu ya kuzeeka, na unatibika hata kwa mtu wa umri wa baba yako. Wazee wetu mara nyingi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema mgongo unauma, kifua kinabana, usingizi hauji, nasi tunawapa dawa za maumivu na kuwarudisha nyumbani. Kwa sababu hiyo ipo hojaji fupi iliyotungwa kwa ajili ya wazee hasa, yenye maswali 15 ya ndiyo au hapana, ambayo kwa makusudi haiulizi habari za maumivu ya mwili, kwa kuwa mwili wa mzee huuma kwa sababu nyingine nyingi. Huuliza kama ameacha shughuli zake, kama anaona maisha yake ni matupu, kama anajiona hana thamani jinsi alivyo sasa. Mpeleke kliniki aulizwe maswali hayo, na umwombe daktari apime damu, aangalie tezi ya shingo na dawa zote anazotumia. Apimwe masikio pia, kwa maana mzee asiyesikia vizuri huacha redio na mazungumzo polepole, na watu wa nyumbani wakadhani amejitenga kwa hiari.

Kuna jambo moja ambalo usilicheleweshe. Ukiwa peke yako naye, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Najua swali hilo hukausha mdomo, lakini kumuuliza mtu hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi niliowauliza walishusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu amelitaja. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na umfikishe hospitalini siku hiyohiyo.

Kuhusu daftari, mrudishie. Nilimhudumia bibi mmoja ambaye kila nilipoingia chumbani alinieleza kitenge atakachovalishwa, na kila alipoanza wanawe walitoka nje mmoja mmoja. Siku moja mjukuu wake, msichana wa miaka 14 hivi, alibaki, akaketi kitandani na kumuuliza, "Bibi, kwa nini hicho chenye maua ya manjano?" Bibi alizungumza saa nzima: duka alikokinunua, bei aliyobishania, na jinsi babu alivyokasirika kwa sababu pesa zilikuwa za mbolea. Usiku ule alilala bila kuomba dawa ya ziada. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na mimi sikumwelewa vizuri mpaka usiku ule. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na tangu hapo wamekuwepo watu waliofunzwa kuzungumza mambo haya na familia, kwa hiyo usidhani ni lazima uyabebe peke yako.


Babu wa Pumwani alijibu:

Mwanangu, assalamu alaikum. Nina miaka 76, nimezaliwa hapahapa Majengo, na mjukuu wangu ndiye anayeandika haya nami nikimtamkia. Umewauliza wajuzi, nami si mjuzi, lakini huyo mzee mnayemzungumza ndiye mimi, kwa hiyo nadhani sikukosea kuomba nafasi.

Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa miongoni mwa waosha maiti wa mtaa wetu. Mwosha naye huoshwa, na hilo nilikuwa nikilisema tangu ujana, ila kulisema ukiwa na nguvu na kulisema wakati goti halitaki kuinuka kutoka sijdani si jambo moja. Sanda yangu imo sandukuni pamoja na pamba na kafuri. Mke wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenunua kitambaa hicho Biashara Street, vipande vyangu na vyake kwa siku moja, na vyake vilishatumika. Nikifungua sanduku nichukue kanzu ya Idi naiona sanda pale, naisogeza, nachukua kanzu. Haiigeuzi siku yangu kuwa nyeusi. Mtume wetu ametufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umekwisha kuandikwa, kwa hiyo kwetu sisi anayestahili kuulizwa ni yule mzee ambaye hajaandika.

Nataka ujue tunachokiogopa, kwa sababu vijana mnadhani tunaogopa kaburi. Mimi naogopa kulala miezi kitandani nikigeuzwa na mkamwana wangu. Naogopa maumivu. Naogopa kiwanja kiuzwe kulipa deni la hospitali, na naogopa wanangu wagombane kabla udongo wangu haujakauka. Yote hayo yanaweza kupunguzwa kwa mazungumzo ya jioni moja tu, lakini kila nikianza, mwanangu wa kiume husema, "Baba, inshallah utaishi," ananigusa bega, anatoka. Yeye anajua amenifariji. Mimi naona amefunga mlango nami nimebaki ndani na lile jambo.

Baba yako amefanya kazi karakana. Mtu wa karakana anajua kwamba zamu haiishi mpaka uwe umekabidhi zana kwa anayekupokea, na umwonyeshe ipi ina ufa na ipi ishikwe vipi. Jioni ile alikuwa anakukabidhi wewe, kifungua mimba wake, nawe ukakataa kupokea. Sikulaumu, ulifanya hivyo kwa mapenzi, lakini usishangae kwamba aliweka mikono chini.

Na hilo la kula bure, mpe njia ya kutoa. Mimi napokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, na zikiingia jambo la kwanza nanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, naviweka mezani kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba hii haikosi sukari. Lakini siku hiyo chai nainywa kwa namna nyingine.


Mwalimu wa Saikolojia, Ngara, alijibu:

Nimefundisha saikolojia chuoni kwa muda mrefu, na nimeona jinsi Babu alivyolieleza kwa aya chache jambo ambalo sisi hulifundisha kwa muhula mzima. Nitaongeza machache kwa sababu swali la Mwanambee, kama baba amekubali au amekata tamaa, watafiti wamelizunguka kwa zaidi ya nusu karne.

Erik Erikson, aliyegawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, aliiona hatua ya mwisho kuwa mvutano kati ya utimilifu wa nafsi na kukata tamaa: mtu huyatazama maisha yake yote, ama akayapokea kuwa ndiyo yake, pamoja na makosa yake, ama akaona muda umekwisha na hawezi kuanza upya. Kwa maoni yake aliyefika kwenye utimilifu haogopi sana kifo, na tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huo. Zimeonyesha pia jambo ambalo vijana hulishangaa, nalo ni kwamba kwa jumla wazee hukiogopa kifo kidogo kuliko watu wa makamo. Ni sisi wa miaka 40 na 50 ndio wenye hofu kubwa zaidi. Hofu ya mzee huzidi pale mwili unapougua sana, pale nafsi inapoumwa, na pale anapoona maisha yake hayakuwa na maana. Mwaka 1963 daktari wa Marekani aitwaye Robert Butler aliandika kwamba ile tabia ya wazee ya kurudia mambo ya zamani, ambayo wengi waliichukulia kama akili kuchoka, ni kazi ya kawaida na ya lazima ya kuyapitia maisha upya kwa kuwa mwisho umekaribia. Nadhani lile daftari ni kazi hiyo, imeandikwa tu kwa lugha ya fundi.

Kinachokuhusu zaidi ni hiki. Mwaka 1994 Paul Wong na wenzake walitoa kipimo cha mitazamo kuhusu kifo ambacho hakikuishia kwenye hofu na kukwepa, bali kilitenganisha kukubali kwa namna tatu. Kuna anayekubali kifo kama sehemu ya maisha, hakikaribishi wala hakikimbii. Kuna anayekikubali kwa kuwa anatazamia maisha mema baada yake. Na kuna anayekikubali kwa sababu kuishi kumemchosha, naye anaona kifo ni mlango wa kutokea. Ukimwuliza kila mmoja wao kama anaogopa kufa wote watatu watakujibu kwamba hawaogopi, na hapo ndipo familia hudanganyika. Mwanambee, nikisoma maelezo yako naona baba amehama. Mwezi wa Juni alikuwa kati ya namna ya kwanza na ya pili: nyimbo zake, kaburi lake ubavuni mwa mama, madeni yake. Yule anayesema "ninakula bure" anaelekea kwenye ya tatu. Kwa hiyo swali lako lina majibu mawili kwa mtu mmoja, katika nyakati mbili.

Nakubaliana na Muuguzi kuhusu daktari, tena upesi. Lakini nimeona sote tumezungumza habari za kifo cha mzee ambacho hakijafika, na hakuna aliyeuliza habari za kifo kilichokwisha kufika. Huyu mtu, ndani ya muda mfupi, alipoteza mke, shamba, na majirani aliozeeka nao. Carol Ryff, ambaye mwaka 1989 alieleza ustawi wa nafsi kwa nguzo sita, alitaja kujikubali, uhusiano mwema na watu, kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na shabaha na kuendelea kukua. Kumhamishia mzee mjini, hata kwa upendo mkubwa, hugusa karibu zote. Magunia matano yalikuwa jaribio lake la kuyamudu tena mazingira. Je, mmewahi kukaa naye mkamzungumza mama yenu, jina lake, sauti yake, mkiwa hamna haraka?

Nina tahadhari moja juu ya vipimo hivi, na wanafunzi wangu huisikia kila mwaka. Vimetungwa Amerika Kaskazini, ambako mtu huhesabiwa peke yake. John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi wa Kikamba aliyefariki mwaka 2019, alitumia maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi Waafrika wengi wanavyouona wakati: aliyekufa hubaki katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na huingia katika zamani pale wa mwisho kati yao anapoondoka. Kwa mzee anayefikiri hivyo, kusahauliwa ni kitu kizito zaidi ya kufa. Huko Taita wazee wa kale waliyatunza mafuvu ya waliowatangulia katika mapango, nako kulikuwa kukumbukana. Orodha ya watu wa kupigiwa simu si mbali sana na hilo. Baba yako anauliza nani atamkumbuka, na kwa utaratibu gani.


Wakili wa Mtaa wa Kati alijibu:

Nitakuwa mfupi. Daftari lenyewe si wasia kisheria, ila ni mwanzo mzuri. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, wasia wa maandishi unatakiwa uwe na sahihi ya mwenye kuusia na ushuhudiwe na watu wawili au zaidi wanaotia sahihi zao pia, na ni vyema mashahidi hao wasiwe warithi. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi unakubalika tu endapo aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wachelewe.

Kuhusu mahali pa kuzikwa, wenye umri wangu tunakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake akitaka azikwe Matasia karibu na Ngong, ukoo ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari mpaka Mei 1987, mahakama ilipoupa ukoo ushindi. Kwa upande mwingine, Profesa Wangari Maathai alikuwa amesema hataki jeneza la mbao, na mwaka 2011 familia ilimtengenezea la magugumaji, mianzi na mafunjo, kisha mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi. Mzee anayetamka anachotaka mbele ya watoto wake wote wakingali wanasikilizana anawapunguzia mengi. Wapigie wadogo zako simu wamsikie wote pamoja.


Mama Kwaya wa Kariobangi alijibu:

Nimesoma yote, na baada ya kumsoma Babu nilifungua Biblia tena. Katika Mwanzo 49 Yakobo aliwakusanya wanawe, akawaagiza wamzike katika pango la Makpela pamoja na baba zake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze. Yusufu naye aliagiza habari ya mifupa yake. Dada Mwanambee, nafuta nilichosema kuhusu kulichoma daftari. Mama yangu alipoanza maneno kama hayo nilikuwa nikimkatiza kwa wimbo. Nimeimba sana, na leo sijui alikuwa akitaka kuniambia nini.


Mwanambee wa Buruburu alijibu:

Imepita karibu wiki tatu tangu niandike, na sikutaka kurudi hapa kabla sijafanya mliyonieleza.

Jioni ya Jumamosi ile nililitoa daftari chini ya mashuka, nikaliweka mbele ya baba na kumwomba msamaha. Alilishika bila kulifungua, akasema, "Nilidhani umelitupa." Nilimuuliza lile swali la Muuguzi, na sauti yangu haikuwa imara. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kujiua, hapana. Lakini ziko asubuhi ambazo ningependa nisingeamka." Jumatatu tulikuwa kliniki. Aliulizwa yale maswali 15, na daktari akasema anao ugonjwa wa huzuni unaohitaji matibabu. Ameanzishiwa dawa, tukaambiwa kwamba itachukua wiki kadhaa kabla ya kuona tofauti, na anarudi kila wiki kuzungumza na mshauri. Sikio lake la kushoto limegunduliwa kuwa halisikii vizuri. Mimi niliyekuwa nikikasirika kwamba hajibu ninapomwita kutoka jikoni sikuwahi kulifikiria.

Wadogo zangu walisikiliza kwa simu, kila mmoja alipo, baba akiwasomea kurasa zote tatu. Yule wa mwisho alilia. Baba alimsubiri amalize, kisha akaendelea na orodha ya madeni. Wamekubaliana kuja wote mwezi wa Desemba twende Taita, na wakili ataandaa wasia kabla ya hapo.

Sitawaambia kwamba amepona. Bado anaamka usiku, ingawa sasa nikisikia kitanda kinalia ninakwenda kuketi naye, na usiku wa juzi alinieleza jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza katika stesheni ya Voi, akiwa na kapu la maembe lililomzidi uzito. Sikuwa naijua habari hiyo, mimi mwanawe wa miaka 51. Yale magunia mawili yaliyokauka bado yako vilevile, naye hajayagusa.

Jana tulitembea pamoja hadi kwa mama mboga, akamlipa shilingi zake 300 kwa mkono wake. Mama mboga alikuwa ameshalisahau deni hilo. Tuliporudi alivaa miwani, akalifungua daftari katika ukurasa wa pili, akapiga mstari juu ya jina hilo kwa rula. Kisha akahesabu kurasa zilizobaki, akaniuliza kama kuna ubaya akiziandikia habari za mama. Nimemnunulia kalamu mbili.